Ziwa Lisilo na Bamvua

Ijumaa, baada ya Magharibi. Wattaya. Nje joto la kukaba, ukifungua dirisha miwani inaingia ukungu papo hapo. Leo naandika kwa vidole tisa, kwa hivyo makosa mtayavumilia. Sababu nitaifikia.

Wiki ijayo, Insha'Allah, napanda ndege kwenda Nairobi, na kutoka huko kwa gari mpaka ziwa Naivasha, kwenye shindano la kuvua besi. Besi ni samaki wa maji matamu, mdomo mpana kama mfuko wa kanzu. Sijapata kumshika. Ziwa lenyewe sijapata kuliona. Na mpaka asubuhi ya leo nilikuwa sijui boti moja napanda na nani.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, wala si besi.

Niseme kwa asiyenijua. Kazi yangu ni mapokezi ya gereji kwenye duka moja la magari hapa hapa Wattaya. Kutwa nawaambia watu wazima kwamba gari zao bado, nao wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezivunja. Ulimi wangu mkali, nakubali, lakini nani angebaki mtamu kwa kazi hiyo? Wikiendi ndiyo pumzi yangu: mimi na Baba, boti ya kukodi kutoka Sidab, kijiji cha wavuvi, tukifuata nguru na jodari. Tangu nina miaka minane ndiyo mambo yetu. Mama alikuwa akituona tunarudi tunanuka anatufungia mlango, mpaka tukoge nje kwanza kwa mpira wa kumwagilia maua.

Mama alifariki mwaka jana. Baba akakaa kwenye kochi.

Sisemi alihuzunika, huzuni sote tulikuwa nayo. Nasema alikaa. Taarifa ya habari ya Kiarabu, halafu ya Kiswahili, halafu ya Kiarabu tena, habari zile zile. Sala ya Ijumaa mpaka nimsukume. Sidab hataki hata kusikia. "Bahari haina miguu, haiendi popote," ananambia, na rimoti mkononi.

Halafu kikundi chetu cha wavuvi wa wikiendi kikaalikwa kupeleka boti moja Naivasha, watu wawili. Tukapiga kura, ikaniangukia mimi, na wa pili nikaambiwa nijichagulie. Nilimpigia Baba nikiwa bado kwenye maegesho. Akauliza, "Siku hizo mwezi utakuwa wa ngapi?"

Nikajua keshatoka kwenye kochi. Nililia kidogo ndani ya gari, naandika tu ijulikane.

Mwenye asili ya pwani atamwelewa. Kwetu sisi huvui bila kujua mwezi, kwa sababu mwezi ndio unaokwambia bamvua, yale maji makubwa, ni lini, maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi. Baba akalipanga shindano zima hivyo. Kila jioni vikombe vya chai vinatembezwa juu ya meza: hapa maji yanajaa, tunavua ukingoni, hapa yanapwa, tunapumzika na kula. Siku ya kwanza bamvua kubwa, samaki watakuwa na njaa ya kufa mtu. Mimi, mwanamke mwenye simu, intaneti na akili zake timamu, niliitikia kwa kichwa. Si kuitikia tu. Niliweka kwenye simu kengele za maji kujaa.

Aliyetuzindua ni Salim, mtoto wa Shangazi Zamzam, dada yake Baba. Salim amefanya kazi Nairobi miaka mingi na Naivasha amevua sana. Nilimpigia kumuuliza pahala pazuri pa kusimama maji yakianza kupwa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Zuwena, ziwa halipwi."

Nilikwenda kumwambia Baba kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

"Halipwi vipi?"

"Halipwi, Baba. Maji yapo pale pale kutwa."

"Maji yasiyopwa ni ya kisima," akasema. "Na kisimani hakuvuliwi."

Usiku huo hakula. Niliona jicho linarudi kwenye kochi. Lakini asubuhi nilipokuwa natoka kwenda kazini nikamkuta chini kwenye maegesho, kanzu kaikunja kiunoni, fimbo ya kuvulia mkononi, anarusha chubwi, kile kizito cha mshipi, kulenga kopo tupu la maziwa ya unga. Alipata kopo mara mbili. Mara ya tatu akapata gari la jirani. Nimemwomba jirani radhi kwa sahani ya vitumbua, yamekwisha.

Hapo nilitakiwa nifurahi. Badala yake ndipo hofu ilipoanza.

Maana kila Salim akinieleza ziwa, nazidi kunywea. Maji yamepanda miaka hii yakaizamisha migunga ya ukingoni, na besi wanajificha humo humo kwenye matawi. Boti ni ndogo. Unarusha umesimama. Na kuna viboko, anawataja kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mimi ninavyowataja paka wa mitaani Ruwi. Kiboko anaibuka bila hodi. Ukianguka, maji matamu hayakubebi kama ya chumvi, na mwenye ziwa hatakusubiri upande.

Na Baba wiki mbili nyuma nusura atumbukie.

Tulikuwa nje ya Sidab tukifanya mazoezi, bahari imetulia. Akasimama kurusha, goti likamkataa. Hakutumbukia, alinishika bega, nami nikashika chuma cha boti. Akasema, "Sakafu ina mafuta." Sakafu haikuwa na mafuta. Bega langu lilivia damu, alama haijafutika bado, nikawa navaa mikono mirefu nyumbani asilione.

Kisha wiki iliyopita nikamwona kidole gumba cha mkono wa kulia kakifunga kitambaa kinene, mafundo mawili. Nikamuuliza. "Kidonda," akasema, akageuka. Baba ana sukari. Mwenye sukari akisema kidonda kwa sauti ile, mtoto wake halali. Nikaomba nikione, akanambia mie si daktari.

Basi nikafanya nililofanya. Nilimpigia Salim, nikamuuliza kama anaweza kukaa tayari kuwa mtu wa pili. Kwa dharura tu, nilisema. Akakubali. Baba sikumwambia. Nikawa kila siku namtazama analenga kopo lake, na kila siku nasema kesho nitamwambia. Nilijihisi mwizi ndani ya nyumba ya baba yangu.

Tena kwa Salim kulikuwa na la pili. Yeye hana mke, mimi nimeshaachika, na siku nzima ndani ya boti moja, ingawa hadharani, ingempa Shangazi kazi ya mwaka mzima. Lakini hayo ningeyabeba. La kumwambia Baba "wewe baki" ndilo lililonishinda.

Jina la pili lilitakiwa lifike kwa waandaaji kabla ya Magharibi ya leo.

Nikajipa mtihani wa mwisho, nikisema utaniamulia. Naivasha samaki hupimwa akiwa hai, kisha hurudishwa ziwani. Akifika mizanini amekufa hahesabiwi, na mkifikisha wafu mnaondolewa. Kwa mvuvi wa kwetu hili ni gumu kuliko viboko. Sisi nguru akiingia botini tu, kidole gumba kinapita chini ya shavu, matamvua yanavunjwa, damu inatoka hapo hapo, la sivyo nyama inaharibika kwa joto. Haifikiriwi. Nilipokuwa na miaka minane Baba alinifunza kwa maneno haya: "Mkono usingoje akili." Miaka sitini anafanya hivyo. Nilikuwa na uhakika, uhakika kabisa, kwamba ataua. Na akiua, nitakuwa na sababu ambayo si goti wala kidonda wala uzee. Nitasema ni sheria ya shindano, Baba, si mimi.

Nimeliandika, nikaona jinsi lilivyo baya. Lakini ndivyo nilivyofikiri, na shajara ya uongo haina faida.

Kwa hivyo leo asubuhi tulikwenda Barka, shambani kwa kina Thuraya, mwenzangu wa kazini. Wana birika kubwa la kumwagilia mitende na wamefuga perege humo. Tukaweka ndoo kubwa yenye pampu ya hewa, tukajipanga juu ya ukuta wa birika kama tupo botini. Perege hawataki chambo cha mpira, tukatia madonge ya mkate. Baba amekaa kwenye kiti cha plastiki, hakuniuliza kwa nini nimemwekea kiti. Mimi nimesimama. Sikuwa naangalia mshipi wangu hata kidogo. Nilikuwa naangalia mkono wake.

Wa kwanza akamshika yeye. Perege mzuri, mnene. Baba akachovya mikono yake birikani kwanza, akamshika mdomo taratibu, akamtoa ndoana kama anayemtoa mtoto kibanzi, akamshusha ndani ya ndoo. "Haya baba, kaa humo," akamwambia samaki. Samaki akazunguka ndoo, mzima.

Sikuamini. Nikasema ni bahati. Akashika wa pili. Vivyo hivyo.

Kisha mshipi wangu ukavutwa, na ulivutwa kwa nguvu, na mimi nilikuwa nimeduwaa. Nikavuta, nikamnyanyua, akaruka ruka juu ya ukuta, nikamdaka. Na kabla sijajua nimefanya nini nikasikia mlio ule mdogo wa matamvua ninaoujua tangu utoto.

Damu ikanitoka baina ya vidole. Damu yake.

Nilisimama na samaki aliyekufa mkononi, na Baba ananitazama. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliiweka fimbo yake chini, akauliza kwa upole kabisa:

"Sasa huyo Salim achukue nafasi ya nani?"

Nilihisi uso unawaka moto. Nikakaa juu ya ukuta ule wa saruji, unachoma, sikujali.

"Nani kakwambia?"

"Nani atanambia? Dada yangu. Kanipigia wiki iliyopita kunipongeza, ati nimefanya vyema kupumzika, niwaachie vijana." Akatikisa kichwa. "Zamzam toka azaliwe hajapata kulala na siri."

Kwa hivyo alikuwa anajua. Wiki nzima anajua, anakula nami, ananiuliza habari za kazini, na mimi napika uongo wangu mbele yake. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Nilitaka uniambie weye."

Nikauliza lile jingine. "Na kidonda?"

Akainua kidole gumba, akakivua kitambaa. Ngozi safi, nzima, imekunjamana tu kwa jasho. Alikifunga siku ile ile nilipomsomea sheria ya kupima samaki hai, ili kidole kiwe kinene kisipite chini ya shavu la samaki. Amelala nacho, amekula nacho, amenywa chai nacho. Alijua kama mimi nilivyojua kwamba mkono wake utaua. Tofauti ni kwamba yeye aliukamata mapema. Mimi nilikuwa nikiuchunga wa mwenzangu.

Nikaanza kusema habari ya goti, na viboko, na maji matamu. Nilisema haraka haraka, yote kwa pamoja. Nikamwambia siogopi kushindwa, naogopa kurudi peke yangu. Nikamwonyesha bega. Akaligusa kwa kiganja.

"Hilo nimefanya mie?"

"Sakafu ilikuwa na mafuta," nikamwambia.

Hapo ndipo alipocheka, lakini machozi yalimlenga. Akanivuta kichwa akaniegemeza kwake, kitu ambacho hajakifanya tangu siku ya maziko.

"Goti langu bovu, nakubali. N'tavua nimekaa. N'tavaa hilo jaketi la kuelea. Lakini n'sikize, Zuwena. Mie siumwi. Mie nimefiwa. Ukiniacha hapa wiki moja na lile kochi, ukirudi utanikuta nnaumwa kweli."

Nilimfunga samaki kwenye mfuko wa plastiki, nikaosha mikono birikani, nikaosha tena.

Garini tulipatana masharti kama watu wa sokoni. Anakaa, hasimami hata samaki awe mkubwa kama ndama. Anavaa jaketi kutoka gatini mpaka gatini. Akataka lisiwe la rangi ya machungwa, ati ataonekana kama fundi wa barabara. Nikamwambia ya rangi hiyo ndiyo yaliyopo. Tulipofika Seeb akasema haya. Na mimi akanipa langu: nisimfiche jambo tena kwa kisingizio cha kumhurumia. Nikasema haya.

Sala ya Ijumaa alikwenda mwenyewe, bila kusukumwa.

Mchana alinikaangia yule perege. Baba anaingia jikoni, jambo ambalo nimelitazama nikiwa nimeshika fremu ya mlango. Akamweka mzima kwenye sahani yangu. "Aliyeua ndiye ale." Ana ladha ya tope, Mungu anisamehe, nimekula mpaka mkia.

Kisha nikamwandikia Salim, nikamwomba radhi, nikamwambia boti imejaa. Nilitegemea akasirike. Akajibu: "Alhamdulillah. Mama jana kaniuliza kanzu yangu nyeupe iko wapi." Mawazo ya Shangazi kumbe yalikuwa yameshatoka Naivasha zamani, yako harusini.

Likabaki la waandaaji. Niliketi hapa mezani na simu, adhana ya Magharibi ilikuwa bado kidogo, Baba kwenye kochi lakini televisheni imezimwa, anafunga ndoana. Hofu haijaondoka, nisijidanganye. Viboko wako pale pale. Goti ni lile lile. Ziwa bado silijui, na kengele zangu za maji kujaa nimezifuta moja moja, nimebaki sina cha kushika. Itabidi tusimame mbele ya maji yale kama watoto, tuulize.

Jina la Baba nimeliandika bila kuvuta pumzi. Umri wake, namba ya pasi, mzoefu wa kuvua: ndiyo.

Kwenye la kwangu nilisita.

Yule niliyekuwa na shaka naye wiki nzima ana samaki wawili hai. Mimi nina mmoja, na yuko tumboni. Boti nzima inaweza kuondolewa kwa ajili ya mkono huu ninaoandikia, na mkono huu sikuupata mahali pengine, nimeupata kwake. Ila yeye wake keshaufunza upya. Nimetazama kidole gumba changu kama kitu cha mtu.

Baba aliona nimesita. Akainuka, akanyoosha goti lake taratibu, akaja mezani. Alichukua kile kitambaa chake, kimefuliwa na kukauka juani barazani, akashika mkono wangu kama alivyoushika nilipokuwa na miaka minane, akanifunga kidole mafundo mawili.

"Ulale nacho," akasema. "Kesho Alfajiri tunarudi Barka."

Nikaandika jina langu. Nikapeleka.

Ndiyo sababu ya vidole tisa. Kitambaa kimekaza mno, nimekiacha hivyo hivyo.